Mama Yako Alipiga

Nasra mwanangu,

Salamu zangu utazipata kesho kwa mdomo, na dua nitakusomea palepale kituoni mbele ya watu, uone haya kama kawaida yako. Humu nataka kusema jambo moja ambalo mdomo wangu umelikataa miaka sita.

Anayeandika ni Bi Chausiku, mimi nasema. Bibi yako shule aliiona kwa nje tu, akipita na ndoo ya samaki kichwani. Nimemwambia Chausiku aandike ninavyosema, asinipambie, na nikilia asiandike kwamba nimelia. Ameapa. Tumeanza baada ya swala ya alasiri, wewe uko Msata kumuaga babu yako Athumani, na nataka tumalize kabla basi lako halijarudi. Barua nitaitia kwenye begi lako, chini ya lile sweta ulilonunua kwa ajili ya huko India. Utaiona ukifika. Ningekwambia uso kwa uso ungelia, mimi ningekukumbatia, tungekula, na jambo lenyewe lingebaki vilevile halijasemwa. Najijua.

Mambo ya kula, ya kuswali na ya wanaume sikuandikii. Hayo nimekupigia kelele tangu ulipovunja ungo, na kama hayajaingia mpaka leo basi hayaingii tena.

Jumapili ulikaa na mimi barazani ukachukua simu yangu, ukanitilia ile programu mpya ya kupigiana, yenye rangi na vikatuni vinavyocheza. Ukasema, "Bibi, hii ndiyo wanayo wote. Unabonyeza picha yangu tu, unaniona." Nikasema ahsante. Ukaona nimenyamaza, ukadhani sijaelewa, ukanieleza tena polepole kama mtu anayesema na kiziwi. Nilielewa, Nasra. Nilielewa mara ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayohayo, unabonyeza picha tu, niliyasema mimi kumwambia mama yako, na yalitufikisha pabaya.

Ulikuwa darasa la tano mama yako, Riziki, alipopata kazi Shelisheli, ya kupika hotelini. Wiki ya mwisho kabla hajaondoka alinishika mkono akanipeleka kwa Fundi Sefu, yule mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko la samaki. Unamjua, mvi tupu, anaongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Riziki alimwambia anataka njia ya kupigiana kwa intaneti ambayo haitamtupa mama yake. Fundi akatufungulia programu moja, yenye sura mbaya, nyeupe tupu kama karatasi ya hospitali.

Nikamuuliza, "Ndiyo hii? Haina hata ua?"

Akacheka. Akaniuliza, "Bibi, mtungi wako wa gesi ukiisha, ukanunua wa kampuni nyingine, kile kichwa chako kinaingia?"

"Hakiingii. Wanataka ununue na kichwa kipya."

"Na utambi wa jiko la mafuta ya taa?"

"Utambi unaingia jiko lolote, fundi, hilo nalo swali?"

"Basi hii ni utambi," akasema. "Kanuni zake zimeandikwa wazi, kila anayejua kazi anaweza kuzisoma akatengeneza programu yake, na zote zinasikilizana. Leo unatumia hii, ikikuchosha unaweka ya mtu mwingine, anwani yako ni ileile. Zile nyingine zenye maua ni mitungi. Ukiingia, uko kwa mwenyewe."

Akatutengenezea anwani mbili, yangu na ya mama yako. Maneno, si namba. Akayaandika pamoja na maneno ya siri kwenye daftari lake. Mama yako aliikariri yake palepale, na yangu pia, akaimba njia nzima kurudi nyumbani kama mtoto wa madrasa. Mimi nilikuwa namwambia nyamaza, watu wanatutazama.

Tukaitumia miezi. Wallahi ilifanya kazi. Sauti safi, unamsikia hadi anavyokwaruza sufuria. Ukikosekana, mtu anakuachia maneno, unayakuta. Wewe mwenyewe ulizungumza naye kwayo ukamsomea matokeo yako.

Sasa nikwambie kosa langu, na Chausiku aandike vizuri kwa sababu yeye alikuwepo. Pale benchi letu la wapara samaki wenzangu wote walikuwa na ile nyingine, ya maua. Mwanawe Chausiku yuko Maskati, anapiga, uso wake unajaa kioo kizima, watu wanasogea, "Mashaallah, kanenepa!" Mimi yangu inatoa sauti tu, na ukitaka sura mpaka uguse hapa uguse pale. Nikaona mwanangu mimi kama hana uso. Nilitaka Riziki naye aonekane. Nilitaka waseme mashaallah. Hilo tu, Nasra. Hakuna sababu kubwa zaidi ya hiyo, na nimeitafuta sana.

Nikamwambia mama yako tuhamie huko. Hakutaka. Alisema, "Mama, ile ni nyumba ya watu. Wakiamka vibaya wanatufungia mlango, tutamlilia nani?"

Nikamwambia, "Wewe wa kunifundisha simu mie, niliyekufundisha kunyonya?"

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Haya mama, umeshinda."

Nilishinda. Kesho yake nikaenda kwa Fundi Sefu nikamwambia anitolee takataka lake. Akasema, "Bibi, liache tu, halili kitu." Nikasema toa. Akatoa. Na sikuishia hapo. Nilikaa benchini nikasema fundi yule tapeli, kamdanganya mwanangu kumwekea vitu vibovu, na maneno yakazunguka soko zima mpaka wateja wakaanza kumkwepa. Chausiku hapa amesimamisha kalamu ananitazama. Andika, mama, na wewe ulicheka siku ile.

Halafu ikaja habari ya kusajili laini kwa alama za vidole. Nilikwenda, nikapanga foleni, nikaweka kidole. Mashine ikakataa. Nikaweka cha pili, cha tatu, vyote kumi. Yule binti akafuta kioo, akanipa kitambaa nifute mikono, akajaribu tena. Hakuna kitu. Miaka yote ya magamba na chumvi imevisaga, vidole vyangu ni laini kama mgongo wa kijiko. Binti wa watu akaniambia kwa adabu, "Bibi, tafuta ndugu akusajilie." Nikampigia babu yako Athumani, akaisajili kwa vidole vyake kule Msata. Na si mimi peke yangu. Ukoo mzima wenye mikono iliyokufa ulikwenda kwa Athumani.

Mwaka ulipopita, watu wakaambiwa wahakiki laini zilizo kwa majina yao, matapeli wamezidi. Athumani akatazama, akakuta laini sita. Mzee wa watu akaogopa polisi. Akabakiza alizozikumbuka, zilizobaki akasema hazijui, zikafungwa. Yangu ilikuwamo. Mpaka leo ukimtajia laini anatazama chini. Usimlaumu. Nakuomba sana, usimlaumu yeye.

Hata hapo bado programu ya maua ilikuwa inafungua. Siku moja nikaamka, imejibadilisha yenyewe, inataka namba za kuthibitisha, na namba zenyewe inazituma kwenye laini iliyokufa. Chausiku akanisajilia laini mpya kwa vidole vyake. Tukaiweka. Ikanifungulia ukurasa mpya, mweupe, kana kwamba sijapata kuwa na mtu duniani. Picha ya mama yako haipo. Namba yake sikuwa nayo, maana sikuwahi kuihitaji, nilikuwa na uso wake wa kubonyeza. Mtoto wa Chausiku akatuandikia barua kwa wenye programu, kwa Kiingereza. Ikajibu mashine. Tukaandika tena, ikajibu mashine ileile maneno yaleyale. Mimi nimezoea ukidhulumiwa unakwenda kwa mtu, unamsimamia mlangoni mpaka aone haya. Pale hakuna mlango.

Na huku Fundi Sefu yupo. Hatua mia moja kutoka benchi langu. Daftari analo, anwani anayo, kazi ya kunywa kikombe cha kahawa. Nilikuwa nainuka kwenda, nikifika kwa wauza barafu miguu inageuka. Nitamwambia nini mtu niliyemwita tapeli mbele ya wake za watu? Nikasema Riziki ana akili, atatafuta njia yeye. Wiki ikapita, ya pili, mwezi, na mwezi mwingine ukaingia. Nikawa nazungukia nyuma ya mnada nisipite mbele ya kibanda chake. Mtu mzima mimi, nina mwana ng'ambo, najificha nyuma ya matenga.

Wewe ulikuwa kidato cha kwanza, bweni. Siku ya kutembelewa nilikuletea maandazi na pweza wa kukaanga. Kabla hujanisalimia vizuri ukaniuliza, "Shikamoo bibi, mama amepiga?"

Nikakwambia, "Marahaba. Hajapiga."

"Kwa nini?"

"Muulize yeye."

Ndivyo nilivyokujibu. Muulize yeye. Nilikuwa nimejikasirikia mwenyewe, hasira ikatokea upande wako. Niliona uso wako ulivyofunga. Ukala pweza, na mimi nikasema moyoni nitamweleza likizo.

Likizo haikufika. Mtendaji wa kata alikuja nyumbani na mtu mwingine, wamevaa vizuri mno kwa siku ya kazi, nikajua. Mama yako aliugua kule, figo, akalazwa, akaenda. Wamemzika hukohuko. Ulirudishwa kutoka shule, ukakaa matangani siku zote bila kutoa chozi, na shangazi zako walipokulazimisha ulie uliwaambia, "Alikuwa anaumwa wiki ngapi? Hakupiga hata mara moja. Nimlilie nani?"

Nilikuwa nimekaa mkekani, hatua mbili kutoka kwako. Nilisikia. Sikusema kitu. Wakati ule nami nilikuwa sijui lote, lakini nililijua la laini, na lilitosha.

Siku ya khitima Fundi Sefu alikuja. Mtu niliyemharibia jina alikuja na kilo mbili za sukari, akakaa na wanaume, akasoma, akala. Watu walipopungua akaniomba tukae pembeni. Akasema, "Bibi, kuna kitu nimekiona jana nilipokuwa natazama zile anwani za zamani. Samahani kama si wakati wake." Akatoa simu yake. Mimi nilimlazimisha atoe programu kwenye simu yangu, Nasra, lakini anwani yenyewe haikufa, ilikaa kule inakokaa, inangoja. Akafungua. Mstari mwekundu, mwingine, mwingine, anashusha kwa kidole haiishi. Simu zilizopigwa kwangu zisipokewe. Siku baada ya siku. Na mwisho, sauti moja.

Mama yako alipiga.

Muuguzi wake wa kule alitueleza baadaye kwamba simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya jikoni hotelini, na laini yake ikaharibikia humohumo. Ile ya maua ikamfungia kama ilivyonifungia mimi. Akiwa kitandani hospitali akaazima simu ya muuguzi huyo, akaweka programu nyingine kabisa aliyoikuta huko, akaingiza ile anwani aliyokuwa akiiimba njiani, ikamkubali. Namba ya mtu hakuikumbuka hata moja. Anwani yangu aliikumbuka. Akapiga, ikaita, ikaita mahali ambapo mimi mwenyewe niling'oa simu.

Maneno yake ninayajua kwa moyo kama Alhamdu. Anasema: "Mama, mbona hupokei? Hii simu ya muuguzi, ni mwema sana. Usihangaike, wananitazama vizuri. Nasra ana siku ya kutembelewa, nilimwahidi nitampigia uwe naye. Nimepiga, mama. Mwambie nimepiga. Mwambie…" Halafu mtu anamsemesha, anacheka kidogo, inakatika.

Hapo Chausiku ametoka nje kidogo. Amerudi. Tuendelee.

Nilimwambia Fundi Sefu asikwambie. Akanitazama sana, akasema, "Bibi, hii haikuachwa kwako peke yako." Nikamwambia nitampa mwenyewe. Akaitia kwenye memori kadi, akasema inafunguka kwenye simu yoyote. Hakurudia tena kuniuliza. Kila nikipita ananiamkia, ananitazama usoni, na mimi natazama barabara.

Kwa nini sikukupa? Nimekaa na swali hili muda mrefu na jibu ni dogo. Nilikuwa nimebaki na wewe tu. Kama ungejua ungemrudia mama yako aliye kaburini na ungeniacha mimi niliye hai. Nikaona heri umchukie yeye, yeye haumii. Ndivyo nilivyofikiri. Mwanangu wa kumzaa, nimemuacha achukiwe ili mimi nipendwe. Juzi ulipokuwa unajaza fomu za chuo, ulifika kwenye jina la mama ukainua kichwa ukaniuliza, "Lazima nijaze?" Usiku wa nyuma yake nilikuwa nimejiambia nitakufa nalo. Uliponiuliza vile nikajua siwezi.

Kuhusu kupigiana. Sijui kama nina haki ya kukuomba kitu baada ya hayo uliyoyasoma, lakini ni desturi yangu kuomba nisivyostahili. Jumatatu nilikwenda kwa Fundi Sefu mwenyewe, mchana, soko limejaa. Nilisimama mbele ya kibanda nikasema kwa sauti, wapara samaki wasikie, "Fundi, nilikusingizia. Ulinipa kitu kizuri nikakuita tapeli." Yule mzee akaona haya kuliko mimi, akaniambia, "Bibi, kaa basi, kaa." Ile programu ya zamani nyeupe kumbe imekufa, aliyeitengeneza ameiacha. Nikashtuka. Fundi akasema si kitu, akaweka nyingine ya watu wengine, akaandika anwani ileile, ikaamka. Palepale. Akakutengenezea na wewe ya kwako, imeandikwa nyuma ya karatasi hii. Ukifika huko utafute programu yoyote inayofuata kanuni hizohizo, hata wenzako Wahindi watakuwa wanazijua.

Sikudanganyi kwamba ni nzuri. Haina vikatuni. Bando likiisha inakatika kama zote, na kuipanga mara ya kwanza itakuudhi. Marafiki zako wakae kule kwenye maua, kaa nao, cheka nao, siku hizi ndivyo watu wanavyoishi. Lakini ukionyeshwa kitu kinachopendeza, iwe simu, iwe kazi, iwe mume, jiulize kabla hujakaa: siku nikitaka kutoka, nitatoka na vitu vyangu? Mimi sikuuliza. Nilitazama benchi linasemaje.

Na jingine ni hili, nalo limenigharimu kuliko lile la simu. Kampuni ilinifungia, Athumani aliifuta laini, alama za vidole zilinifutika, hayo yote yalikuwa na dawa. Dawa ilikuwa hatua mia moja. Nilichokosa ni kumwambia mtu nisamehe. Ukimkosea mtu huko uliko nenda siku ileile, hata kama atakufukuza. Usizunguke nyuma ya mnada.

Kadi imefungwa kwenye kipande cha kanga ya mama yako, ndani ya bahasha hii. Isikilize ukiwa umekaa, na mtu karibu. Usiisikilize njiani.

Ukimaliza utanichukia. Sitakwambia usinichukie, sina mdomo huo. Huenda ukakaa wiki, huenda ukakaa mwaka. Anwani yangu ya kwa Fundi Sefu haifungwi kwa vidole vya mtu, na simu nitatembea nayo kifuani, sokoni, msikitini upande wa wanawake, chooni, watu wacheke. Siku hasira itakapokupanda, usiimeze kama ulivyommeza mama yako. Piga unitukane. Niite muongo, niite jina lolote linalokujia. Nitapokea.

Bibi yako